Malezi ya Vijana: Machozi ya Mkunazini

Mwezi uliopita tuliwaahidi wasomaji wa ukurasa huu kuwa mwezi huu tutamalizia mazungumzo yetu juu ya adabu za kumpokea mgeni. Twaomba watuwie radhi. Maneno hayo tunayaakhirisha hata mwezi ujao, inshallah, kwani limetufika jambo tusiloweza kulinyamazia, na sehemu ya lawama yake ni yetu wenyewe.

Ijumaa moja, baada ya sala ya alasiri, alitujia barazani mama wa mmoja katika wanafunzi wetu wa chuo. Alitusalimu kwa heshima yote, akakataa kuketi, akasema: "Maalim, nimekuja kuuliza. Mwanangu mlimpeleka mahali gani? Tangu aliporudi Unguja halali mpaka taa iwake, na usiku wa jana ameamka akisema hapati pumzi." Binti mwenyewe ana miaka 14, ni msomaji mzuri mwenye sauti, wala si mtoto wa kuogopa ovyo. Tulimpa mama yule maneno mawili matatu ya kumtuliza, lakini alipokwisha kwenda tulijiona kuwa hatukumjibu kitu.

Safari ile tuliipanga sisi. Tulivuka kwa boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam, vijana 34 wa miaka 13 hadi 17, waalimu wawili wa kike na sisi. Nia yetu ilikuwa njema: waione misikiti ya kale ya Mji Mkongwe, wawazuru mashekhe, na wapite Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa, wapate kujua yaliyotokea katika nchi yao. Nia njema, walakini, haimwondolei mtu wajibu wa kufikiri.

Kwa wasiopata kufika, Mkunazini ni mtaa wa Mji Mkongwe, na soko lililokuwapo pale lilifungwa mwaka 1873, baada ya Sayyid Barghash bin Said kutia saini mkataba na Waingereza tarehe 5 Juni mwaka huo. Mkataba ule ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari na ukafunga masoko yote ya watumwa katika milki yake. Mwaka ule ule wamisionari wa Kiingereza wakaweka jiwe la msingi la kanisa juu ya kiwanja hicho, kazi iliyosimamiwa na Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wao, naye ndiye yule aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili. (Mzazi mmoja alituuliza kama ni halali kuwaingiza watoto katika uwanja wa kanisa. Tulimjibu kuwa hatukwenda kusali, tulikwenda kutazama. Na hatukuona haja ya kurefusha maneno.) Uani kuna shimo, na ndani ya shimo zimesimama sanamu tano za watu wenye minyororo shingoni, kazi ya mchonga sanamu wa Uswidi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Kisha kuna vyumba vya chini ya jengo la jirani, ambavyo mtu mzima hawezi kusimama wima ndani yake. Mgeni huambiwa kuwa humo walirundikwa watu kabla ya kupelekwa mnadani.

Humo ndimo binti yule aliposhikwa. Aliingia pamoja na wenziwe, akainama, akaketi juu ya jiwe kama alivyoelekezwa, na yule aliyekuwa akituongoza akaanza kueleza jinsi watu walivyokosa hewa na jinsi waliokufa walivyochanganyika na waliokuwa hai. Binti akatoka mbio. Mwalimu wa kike alimfuata, akamkuta amesimama mbele ya zile sanamu, analia bila sauti.

Wengine hawakulia. Kijana mmoja alisimama kando ya shimo akajipiga picha kwa simu, mkono wake ameuzungusha shingoni kama aliyefungwa, ulimi nje. Tulimkemea kwa ukali mbele ya watu. Wengine walikuwa kimya kabisa, na mmoja alikuwa akituuliza kila mara ni lini tutakwenda kula. Nasi, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi na watoto wana njaa, tukawatoa pale moja kwa moja tukawapeleka Forodhani kula urojo na mishikaki. Baada ya robo saa walikuwa wakicheka na kurukia baharini. Tukasema moyoni: alhamdulillahi, yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Katika boti ya kurudi, kijana mmoja alimwambia mwenziwe, ambaye ukoo wao una asili ya Oman: "Minyororo ile ni ya babu zenu. Mlimuuza bibi yangu kwa kiasi gani?" Wengine wakacheka. Yule aliyeambiwa hakujibu neno. Aliondoka akaenda kusimama nyuma ya boti peke yake mpaka tulipofika, na baada ya hapo siku tisa hakuonekana chuoni. Vijana hawa wawili walianza kusoma alifu pamoja, kwenye mkeka mmoja.

Basi tulikaa tukafikiri: ni kitu gani kiliwapata watoto wetu? Sisi ni watu wa chuo na shule ya msingi tu, hatudai elimu ya matabibu wa akili. Lakini aliyefundisha watoto kwa miaka zaidi ya 30 huona mambo. Mtoto wa miaka minane ukimhadithia habari ya mateso, huisikia kama ngano. Huogopa usiku mmoja, asubuhi amesahau. Mtu mzima naye amekwisha kuzoea, ana mahali pa kuiweka huzuni. Kijana wa miaka 13 au 14 hana hiki wala hicho. Amekwisha kuwa na akili ya kujua kwamba jambo hili lilitokea kweli, na moyo wake bado hauna ngozi. Anapoambiwa kuwa hapa aliketi binti wa umri wako, hamwoni yule binti; anajiona yeye. Ndiyo maana binti wetu alikosa pumzi kitandani kwake, usiku, katika nyumba yenye madirisha.

Na yule aliyetoa ulimi mbele ya simu? Hapo kwanza tulimhesabu kuwa ni mtoto mwenye moyo mgumu. Sasa twaona tulimdhulumu. Vijana wengi, khasa wavulana, khofu ikiwajia mbele ya wenzao huigeuza kuwa mchezo, kwa kuwa kulia hawakuruhusiwa. Mama yake ametuambia kuwa picha ile aliifuta usiku ule ule, na kwamba alimwuliza kama ni dhambi. Yule naye aliyekuwa akiuliza chakula huenda alikuwa ana njaa tu; si kila mtoto asiyelia ana maradhi ya moyo, wala si kila alialo ni alama ya imani.

Wapo vijana waliotujia kuuliza: "Maalim, tulilia Mkunazini, kisha tukacheka Forodhani. Je, sisi ni wanafiki?" Tuliwakumbusha kisa cha Hanzala, mwandishi wa Mtume (s.a.w.), aliyejihesabu kuwa mnafiki kwa sababu akiwa mbele ya Mtume aliiona Pepo na Moto kama kwa macho, na akirudi kwa mkewe na watoto wake husahau mengi. Abubakar (r.a.) naye alikiri kuwa hali yake ni hiyo hiyo. Mtume akawafahamisha kwamba moyo wa binadamu haukai katika hali moja, una saa ya hili na saa ya lile. Tuliona nyuso zikikunjuka.

Lakini kisa kilichotuaibisha sisi waalimu ni kingine. Katika mwaka wa tisa wa Hijra, jeshi la Waislamu likiwa njiani kwenda Tabuk, lilipita al-Hijr, makao ya Thamud walioangamizwa kwa dhulma yao. Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba wasiingie katika makao yale ila wawe wanalia, na kama hawawezi kulia basi wasiingie, kisha yeye mwenyewe akajifunika kichwa, akauhimiza mnyama wake mpaka wakalivuka bonde. Aliwaamrisha wayamwage maji waliyoyateka katika visima vya watu wale, na unga waliokwisha kuukanda kwa maji hayo wawalishe ngamia. Msomaji atazame adabu iliyomo humo. Hakuwazuia kupita, kwani Qur'ani yenyewe imetuamrisha katika sura zaidi ya moja kutembea katika ardhi na kuangalia mwisho wa waliotutangulia. Lakini aliwatayarisha kabla ya kuingia, alikwenda nao, aliwaonesha kwa mwili wake namna ya kupita, na hakuwaacha wakae mno. Asiyekuwa tayari alipewa ruhusa ya kutokuingia. Sisi tulifanya kinyume cha hayo yote: hatukuwatayarisha, tuliwaingiza wote kwa mkupuo mmoja, tukawakalisha, na tulipotoka tukawapa mishikaki.

Kuna tofauti, nayo ni nzito. Pale al-Hijr walioangamizwa ndio waliokuwa madhalimu. Pale Mkunazini walioteseka ndio waliodhulumiwa, na baadhi ya waliowadhulumu walikuwa na majina kama yetu. Hapa ndipo penye kidonda, na wengi wetu tulio wazee hupenda kupapita mbio. Twawaambia vijana kuwa maneno ya utumwa ni propaganda ya wamisionari, kisha tunageuza mazungumzo. Hilo si jibu. Kijana ana simu mkononi, na asipoupata ukweli kwetu ataupata kwa mtu asiyetupenda, tena umechanganywa na uongo.

Ukweli ni kwamba Waislamu waliuza watu. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, alikuwa Mwislamu, na maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Ukweli pia ni kwamba si Waislamu peke yao. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Walikuwapo watu wa bara walioteka majirani zao na kuwashusha pwani, na walikuwapo matajiri waliokopesha mali ya misafara bila hata kuondoka dukani. Na wengi waliofikishwa Unguja hawakupelekwa Arabuni wala Ulaya. Walibaki pale pale na Pemba, wakilima karafuu. Hayo tunayasema ili kijana ajue kuwa dhulma ile ilikuwa na mikono mingi, wala si kwa ajili ya kuwapunguzia mzigo waliotajwa kwanza. Mtume (s.a.w.) amepokea kwa Mola wake kuwa mmoja wa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwuza mtu huru akala thamani yake. Waliovamia vijiji usiku waliwauza watu huru. Waliijua hukumu hiyo, au ilikuwa juu yao kuijua.

Na kijana aliyeadhirishwa katika boti je? Qur'ani imekariri kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Hakumwuza mtu yeyote. Alizaliwa Kariakoo, na baba yake anauza vipuri vya baiskeli. Yule aliyemtukana tulimwita peke yake, tukamkumbusha habari ya Abu Dharr (r.a.), aliyemtia mtu aibu kwa ajili ya mama yake, na Mtume akamwambia kuwa yu mtu ambaye ndani yake bado umo ujahili. Kijana akainamisha kichwa, kisha akatuambia neno ambalo hatukulitazamia: "Maalim, nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Waliofanya wamekufa." Twawaomba wazazi walizingatie sana neno hili. Hasira ya kijana aliyeona dhulma ya kale ni hasira isiyo na mwenyewe, nayo humwangukia aliye karibu.

Jambo jingine lililotutia katika mtihani ni hili. Wiki moja baadaye, kijana mwenye kupenda kusoma alitujia na simu yake, akatuonesha kuwa wapo wataalamu wa historia wanaotia shaka kwamba vile vyumba vya chini vilikuwa vya watumwa, kwa kuwa jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Akauliza kwa uchungu: "Basi tulilia bure?" Twakiri tulinyamaza kidogo. Kisha tukamwambia: soko lilikuwapo, hilo halina shaka kwa yeyote, mkataba wa 1873 haukufunga kitu kisichokuwapo. Watu walipangwa katika kiwanja kile, wakatazamwa meno, wakauzwa. Kama chumba hiki au kile hakikuwa chao, machozi yako hayakupotea, ila sisi tuliokupeleka tulikuwa na wajibu wa kukwambia mapema lipi lina hakika na lipi husimuliwa tu. Kijana akijua baadaye kuwa aliongezewa chumvi katika jambo moja, huanza kutilia shaka yote.

Ndugu zetu wa Rwanda wana mtihani mkubwa kuliko wetu, kwa kuwa ya kwao si ya babu wa babu. Pale Gisozi, mjini Kigali, yapo makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2004, na katika ardhi yake wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Kuna sehemu ya watoto: picha ya mtoto, jina lake, chakula alichokipenda, na jinsi alivyouawa. Mtu mzima hutoka pale miguu ikimlegea. Kila Aprili, siku za kumbukumbu zinapofika, wapo wanaoshikwa na hali wanayoiita ihahamuka: mtu hupiga kelele, hutetemeka, huona kama wauaji wamerudi, na miongoni mwao wamo vijana waliozaliwa baada ya 1994, ambao hawakuona kitu kwa macho yao. Kwa hiyo katika mikusanyiko ile huwekwa watu waliofundishwa, wa kumshika aliyeanguka, kumtoa penye watu, kumpa maji na kukaa naye. Hawamwambii kuwa ana upungufu wa imani. Na vijana wale huhadithiwa pia habari za waliokataa kuua, wakiwamo Waislamu wengi wa Rwanda waliowaficha jirani zao. Sisi Mkunazini hatukuwasimulia wetu hata mtumwa mmoja aliyetoroka, ingawa nyuma ya Mombasa na Malindi, kama pale Fuladoyo, watoro walijijengea vijiji vyao wakajilinda.

Safari nyingine itakuwapo, inshallah, kwa kuwa kuficha si dawa; lakini haitakuwa kama ile. Walio chini ya miaka 15 hawatashuka vyumbani. Kabla ya kuvuka tutakaa nao jioni mbili, tuwaeleze watakayoyaona, tuwaambie kuwa kulia si aibu na kutolia si kosa, na kwamba atakayetaka kutoka atatoka bila kuulizwa sababu. Simu zitabaki mfukoni. Tutakwenda asubuhi, matumbo yakiwa na kitu, na tukitoka tutaketi chini ya mti mahali pa kimya, kila mwenye neno aseme. Kisha ndipo Forodhani. Na wazazi tutawaambia mapema, maana kosa letu kubwa pengine ni hili, kwamba tuliwarudisha watoto majumbani bila kuwapa wazazi wao khabari. Mzazi amwangalie mwanawe kwa wiki mbili: analala? anakula? amejitenga? Amwache azungumze, hata kama anarudia maneno yale yale. Mwezi ukipita na hali haijabadilika, ampeleke kwa tabibu, tena asiione haya. Dua na dawa havikupata kugombana.

Alhamisi iliyofuata tuliwakalisha wote chuoni, tukawaambia jambo ambalo hata watoto wetu wa kuzaa hatujapata kuwaambia. Mama wa bibi yetu mzaa mama aliitwa Tausi. Alikamatwa akiwa mtoto huko upande wa ziwa Nyasa, akafikishwa Kilwa wakati ambapo mkataba ulikwisha kutiwa saini, kwani biashara hiyo iliendelea kwa kificho, na kwetu Tanganyika utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922. Nyumbani kwetu habari hii ilisemwa jikoni tu, kwa sauti ya chini. Tulipokuwa tukiisema mbele ya vijana sauti yetu haikuwa imara, na tunadhani waliona.

Yule kijana wa asili ya Oman alikuwa amekwisha kurudi. Baba yake tulimwendea dukani mara mbili, na mara ya pili mwenziwe aliyemtukana alikwenda pamoja nasi. Walikuwa wameketi mkeka mmoja, ingawa si ubavu kwa ubavu.

Binti wa taa alinyosha mkono. Aliuliza: "Maalim, Tausi ndilo jina alilopewa na mama yake?"

Tulimwambia kweli: hapana, jina hilo alipewa Kilwa. La kwao bibi hakulijua, au alilijua asilitaje, na sisi hatukupata kumwuliza mpaka akafariki.

Mama yake ametuletea salamu juzi kuwa taa sasa huzimwa saa nne. Adabu za kumpokea mgeni tutazimalizia mwezi ujao, inshallah.